Ngao Kubwa Kama Mlango

Katika Waefeso 6:16 Mtume Paulo anataja ngao ya imani. Warumi walikuwa na ngao za aina kadhaa, na ile ndogo ya mviringo waliiita parma. Paulo hakutaja hiyo. Neno lake la Kigiriki, thureos, linatokana na neno la mlango, na Biblia ya Kilatini inaliita scutum, ngao kubwa. Neno hilo bado liko karibu nasi: jirani zetu wa Msumbiji walitumia fedha iitwayo escudo, yaani ngao, hadi 1980.

Scutum ilikuwa ya mbao nyembamba zilizogundishwa kwa matabaka na kuvikwa ngozi, urefu wake mita 1 hivi. Ilikuwa nzito. Askari walipoukaribia ukuta wa adui waliunganisha ngao mbele, kandoni na juu ya vichwa, wakaita mpango huo testudo, yaani kobe. Aliyeinua ngao yake alimfunika na mwenzake.

Sisi wa Ludewa na Njombe tunayo habari yetu ya kinga. Vita vya Maji Maji vilipofika huku mwaka 1905, wapiganaji walikuwa wamepewa dawa ya maji, wakiahidiwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Septemba mwaka huo Mbeyela, chifu wa Wabena, aliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Maji hayakuzuia risasi.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama ushindi wa imani yetu juu ya uganga. Mimi siwezi. Waliokuwa ndani ya Yakobi walijikinga kwa bunduki, tusijisifu. Wala siwalaumu wazee wetu kwa ujasiri wao. Walitaka uhuru wao. Kilichowaponza ni ile ahadi kwamba kuna kitu ukipakwa, hutaumia. Na ahadi hiyo imerudi, safari hii katika chupa za maji na mafuta ya upako, inauzwa kwa jina la Yesu, na kuna wagonjwa wanaoacha dawa za hospitali kwa ajili yake.

Aya nne tu baada ya kutaja ngao, Paulo anajiita mjumbe katika minyororo. Ngao anayo, na minyororo anayo. Anawasihi Waefeso wamwombee, lakini haombi afunguliwe. Anaomba apate kusema kwa ujasiri.