Alama za vidole na lukemia ya watoto

Alama za vidole ni mistari ya ngozi inayojichora mtoto akiwa tumboni, takriban wiki ya 10 hadi ya 17 ya mimba, na kudumu maisha yote. Mwaka 1892 Francis Galton aliigawa katika matao, vitanzi na mizunguko. Watafiti wameilinganisha kati ya watoto wenye lukemia, yaani saratani ya damu, na wasio nayo. Matokeo hutofautiana, na hakuna alama inayothibitisha ugonjwa. Uhusiano ulio wazi ni kupitia sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayozidisha vitanzi na hatari ya lukemia. Mtoto mwenye homa isiyoisha, viganja vyeupe au michubuko apelekwe haraka hospitali kupimwa damu. Kipimo cha uboho ndicho huthibitisha lukemia.