Ushahidi Haumo Ubaoni

Tuhuma kwamba mcheza sataranji anasaidiwa kwa siri ni kongwe kuliko kompyuta, na mwanzoni mshukiwa alikuwa mashine. Mwaka 1770, Wolfgang von Kempelen alionyesha katika kasri ya Maria Theresa, huko Vienna, sanduku kubwa la mbao lililokaliwa na sanamu la mtu mwenye kilemba. Alifungua milango ya sanduku mmoja baada ya mwingine, wageni wakaona magurudumu yenye meno na uwazi mtupu; kisha akaifunga, na sanamu likanyoosha mkono likasogeza kete. "Mturuki" huyo alizungushwa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, na mwaka 1809 akamfunga hata Napoleon. Ndani alijikunja mchezaji hodari wa nyama na damu, akihamia upande mwingine kila mlango ulipofunguliwa. Wengi walishuku, na Edgar Allan Poe aliandika makala mwaka 1836 kuthibitisha kwamba humo mna mtu. Moja ya hoja zake ni kuwa mashine ya kweli ingeshinda kila mara, ilhali Mturuki alifungwa siku nyingine. Jibu alilipata, hoja ikamponyoka: programu za kwanza za kompyuta, zilipokuja zaidi ya miaka mia moja baadaye, zilifungwa na wachezaji wa kawaida kabisa. Nalikazia kosa hilo kwa sababu halijaisha. Watu huziangalia kete, huzilinganisha na picha ya mashine waliyo nayo vichwani, kisha hutoa hukumu. Na picha hiyo aghalabu imepitwa na wakati.

Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, aliingia katika mtego huohuo New York mwezi Mei 1997. Kompyuta aliyopambana nayo, Deep Blue ya IBM, ilipima takribani hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja, na kila mtu aliamini kwamba kompyuta ni lafi: ukiitegea askari, itamla. Katika mchezo wa pili ilipata nafasi ya kupenya na malkia na kuvuna askari. Haikufanya hivyo. Ilimsogeza askofu wake katikati, ikaziba mwanya ambao Kasparov angeutumia kujitetea. Bingwa akakata tamaa na kukubali kushindwa, katika hali ambayo wachambuzi waligundua baadaye kwamba angeweza kuokoa sare. Mbele ya waandishi wa habari alikumbushia bao la mkono la Maradona dhidi ya Uingereza mwaka 1986, yaani kuna mkono wa mtu. Tumtendee haki: IBM haikutoa kumbukumbu za mashine palepale, wala haikukubali pambano la marudio, na ukaidi huo hauondoi shaka ya mtu yeyote. Lakini hatua yenyewe, iliyoonekana ya kibinadamu mno, haikuthibitisha kitu. Mashine ilikuwa imetazama mbali kuliko ilivyodhaniwa, basi.

Tangu hapo tuhuma imegeuka, na sasa ni mtu anayeshukiwa kuficha mashine. Mwaka 2006, Vladimir Kramnik na Veselin Topalov walipogombea ubingwa wa dunia mjini Elista, upande wa Topalov ulilalamika kwamba Kramnik anakwenda msalani kupita kiasi, kisha ukatangaza asilimia ya hatua zake zilizolingana na mapendekezo ya programu ya Fritz. Asilimia hiyo ilisikika nzito, ila haikuwa na uzito. Malkia wako akiliwa, nawe ukawa na nafasi ya kumla wa mpinzani papo hapo, mwanafunzi aliyeanza jana atacheza sawasawa na Fritz. Mabingwa hulingana na programu hata katika mambo magumu, kwa kuwa hatua bora haina mwenyewe. Isitoshe, wachezaji hushinda nyumbani na injini, yaani programu za sataranji, wakikariri mistari yake. Programu ya AlphaZero ilipojifunza kwa kucheza peke yake mwaka 2017, ikaanza kutoa kete sadaka na kusukuma askari wa pembeni bila haraka, wakubwa wa mchezo waliiga mtindo huo. Je, askari wa pembeni akisukumwa leo, tumkamate nani?

Kuna watakaosema takwimu zimekua tangu Elista, na ni kweli. Kenneth Regan, mwanahisabati wa Buffalo, hupima hatua nyingi kwa kulinganisha na zinazotarajiwa kwa mtu wa kiwango hicho, na anayeiga injini mchezo baada ya mchezo ataonekana. Asiyeonekana kwa urahisi ni yule anayenong'onezwa mara moja tu, pale penye njia panda. Kwa grandmasta, ishara moja kwamba "hapa pana kitu" yatosha. Ndiyo maana, mezani, waliotiwa hatiani bila ubishi walinaswa kwa vitu: mchezaji Igors Rausis alipigwa picha na simu yake msalani mjini Strasbourg mwaka 2019, akakiri. Kwenye intaneti, ambako hakuna mwamuzi wa kumtazama mtu machoni, wakaguzi hawaishii kwenye ubora wa hatua; huangalia kama mchezaji anatumia muda uleule kwa swali gumu na kwa lile la mtoto, na kama huacha dirisha la mchezo kabla ya kujibu. Hiyo ni tabia, si ustadi.

Ushahidi wa aina hiyo, wa vitu au wa tabia, ulikosekana Septemba 2022, bingwa wa dunia wa wakati huo Magnus Carlsen alipofungwa na Hans Niemann mjini St. Louis, akamshuku udanganyifu na kujitoa mashindanoni. Niemann alikiri kudanganya mtandaoni alipokuwa na miaka 12 na tena 16, na ripoti ya Chess.com ilisema huenda alifanya hivyo katika michezo zaidi ya 100. Hayo ni mazito, na anayeyapuuza anajidanganya. Ila yanahusu michezo ya mtandaoni, si ule wa mezani St. Louis. Desemba 2023 shirikisho la dunia, FIDE, lilimtoza Carlsen faini ya yuro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali.