Hevi metali bila mngurumo: Mwongozo kwa mpenzi wa gitaa

KIJANA wa Chawia anayependa gitaa zito hukabiliwa na tatizo asilolijua mpenzi wa benga au taarabu. Anapoufungulia muziki wake sebuleni, dakika ya kwanza hupita salama. Ya pili mwimbaji huanza kunguruma mithili ya simba wa Tsavo, na mzee wa nyumba huamuru chombo kizimwe mara moja.

Si ajabu mzazi kushtuka. Mnamo 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza madai ya ibada za shetani nchini. Mzazi aliyelea watoto enzi hizo akisikia sauti ya kutisha ikitoka chumbani mwa mwanawe, hukumbuka mambo mengi kabla ya kuukumbuka muziki.

Hata hivyo, hevi metali si mngurumo pekee. Ipo hazina kubwa ya tungo zisizo na mwimbaji kabisa, na nyingine ambazo waimbaji wake huimba kwa sauti safi inayosikika neno kwa neno. Makala haya yanaeleza zilikotoka, zinakopatikana na namna ya kuzitambua kabla ya kumaliza salio la intaneti.

Chimbuko lake

Wengi huutaja mji wa Birmingham, Uingereza, kuwa ndiko muziki huu ulikozaliwa. Albamu ya kwanza ya bendi ya Black Sabbath ilitoka Februari 1970. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zilitoa sauti nzito, na uzito huo ukawa alama ya muziki wenyewe.

Ni muhimu kukumbuka kwamba mwimbaji wa bendi hiyo, Ozzy Osbourne, aliyefariki Julai 2025, hakuwa akinguruma. Wala Rob Halford wa Judas Priest, Ronnie James Dio na Bruce Dickinson wa Iron Maiden hawakujulikana kwa mngurumo. Mtindo huo ulishika mizizi katika miaka ya 1980, hasa katika tawi liitwalo deth metali.

Mngurumo wenyewe ni ufundi, si pepo. Mwimbaji hutetemesha mikunjo ya koo iliyo juu ya nyuzi za sauti, na wanaoufanya vyema hujizoeza kwa muda mrefu ili wasijiumize. Lakini kuujua ufundi huo hakumlazimu mtu kuupenda.

Ala bila mwimbaji

Anayeanza na aanze na Metallica ya Marekani. Katika albamu ya mwaka 1986, Master of Puppets, mna utungo uitwao Orion unaochukua zaidi ya dakika nane bila neno hata moja. Katikati yake gitaa la besi la Cliff Burton hutulia na kuongoza kama mzee anayesimulia hadithi. Burton alifariki katika ajali ya basi nchini Uswidi Septemba mwaka huohuo, na utungo huo ukachezwa katika mazishi yake.

Miaka miwili kabla, bendi hiyo ilikuwa imetoa The Call of Ktulu, nao ni wa ala tupu. Mwaka 1999 iliupiga upya pamoja na okestra ya San Francisco, na toleo hilo likashinda tuzo ya Grammy mwaka 2001. Msikilizaji aliyezoea okestra ataona kwamba daraja kati ya pande hizo mbili si refu.

Kundi la Apocalyptica kutoka Ufini lilikwenda mbali zaidi. Wanamuziki wake walikutana wakiwa wanafunzi katika chuo cha muziki cha Sibelius, Helsinki, wakaunda kundi mwaka 1993. Mwaka 1996 walitoa albamu ya nyimbo za Metallica zilizopigwa kwa selo nne tu, ala ya nyuzi iliyo kubwa kuliko fidla. Hamna gitaa, hamna ngoma, hamna mwimbaji, lakini uzito umebaki palepale.

Kwa wapenda gitaa la kasi, zipo Rising Force ya Yngwie Malmsteen ya mwaka 1984, ambayo kwa sehemu kubwa ni ala tupu, Surfing with the Alien ya Joe Satriani ya mwaka 1987, na Passion and Warfare ya Steve Vai ya mwaka 1990. Satriani na Vai hukaa mpakani mwa roki na metali, hivyo wanamfaa msikilizaji ambaye masikio yake bado hayajazoea.

Katika kizazi cha karibuni, jina la kulifuatilia ni Animals as Leaders. Kiongozi wake, Tosin Abasi, ni Mmarekani aliyezaliwa na wazazi kutoka Nigeria, naye hupiga gitaa la nyuzi nane badala ya sita za kawaida. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2009. Wanaopenda mwendo wa polepole watazifurahia Pelican na Russian Circles, bendi mbili za Chicago.

Sauti safi, na mwana wa Unguja

Afrika Mashariki ina haki ya kudai sehemu yake katika historia hii. Freddie Mercury alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Mwaka 1974 bendi yake ya Queen ilitoa Stone Cold Crazy, wimbo wa kasi ambao wapenzi wengi wa metali huutaja kuwa mtangulizi wa mitindo ya mbio iliyofuata. Metallica waliuimba upya na kutuzwa Grammy mwaka 1991.

Kutoka Botswana kuna Skinflint, bendi inayofuata metali ya kizamani na kuchota visa vyake katika masimulizi ya Kiafrika. Zambia nayo ilikuwa na WITCH, iliyovuma miaka ya 1970 kwa gitaa zito, ingawa muziki wake huitwa roki, si metali.

Jijini Nairobi, Murfy's Flaw ilijulikana kwa roki yenye mwimbaji wa kike wa sauti safi. Last Year's Tragedy huchanganya sauti safi na mayowe, basi msikilizaji awe na tahadhari. Duma, ambao albamu yao ilitolewa 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wamesifiwa ng'ambo, ila hao ni mayowe tangu mwanzo hadi mwisho.

Namna ya kutafuta

Kwanza, tazama tawi. Deth metali, blaki metali na graindikoo karibu zote hunguruma. Pawa metali na hevi metali ya kizamani huimba wazi. Dumu na metali ya progresivu zina pande zote mbili.

Pili, tumia maneno mawili ya Kiingereza unapotafuta mtandaoni: "instrumental" kwa ala tupu, na "clean vocals" kwa sauti safi. Tovuti ya Encyclopaedia Metallum, iliyoanzishwa 2002, huorodhesha nyimbo za albamu na kuonyesha zipi hazina maneno. Kurasa zake ni maandishi kwa sehemu kubwa, hivyo hazili data kama video.

Tatu, usiuamini mwanzo wa wimbo. Bendi nyingi hufungua kwa gitaa la upole, kisha hulipuka. Ruka hadi katikati, usikilize nusu dakika, ndipo uamue.

Nne, chunguza albamu, si jina la bendi tu. Opeth ya Uswidi ilinguruma kwa miaka mingi, lakini Damnation ya mwaka 2003 ni tulivu na haina mngurumo hata kidogo. Kuanzia Heritage ya mwaka 2011 waliuacha, kisha wakaurejesha katika albamu ya 2024. Aliyenunua kwa mazoea angeshangaa mara mbili.

Si wageni wa gitaa

Taita Taveta si mgeni wa nyuzi wala midundo. Fadhili William, aliyeirekodi Malaika na kuivumisha, alitoka huku. Mwazindika, ngoma ya Wadawida inayohusishwa na mizimu, inathibitisha kwamba mdundo mzito unaweza kubeba ujumbe hata pale maneno yanapokuwa machache.

Kwa hivyo kijana wa Chawia hana haja ya kuchagua kati ya gitaa lake na amani ya nyumbani. Na aanze na Orion, kwa sauti ya wastani, mzee akiwepo. Akiulizwa wanaimba nini, jibu litakuwa fupi: hakuna anayeimba.