Bakuli ya Mtawa na Wali wa Watu

Tukisoma katika vitabu vya filosofia juu ya dini ya Buddha, tunakuta maneno makubwa: mateso, tamaa, nirvana. Lakini mama wa kijiji katika inchi ya Thailandi anaishi dini yake zaidi kwa mikono. Tukitaka kumfahamu, tuangalie kwanza bakuli ya mtawa.

Alfajiri watawa wanatoka katika monasteri, vichwa vimenyolewa, miguu bila viatu, nguo za rangi ya manjano. Wanapita mmoja nyuma ya mwenzake, kimya, wala hawaombi kitu. Watu wanangoja mbele ya nyumba zao. Wanatia wali na mboga ndani ya bakuli, wanaunganisha viganja na kuinama. Mtawa hasemi asante. Aliyetoa ndiye anayeshukuru, maana amepata mastahili kwa maisha yatakayofuata na kwa wafu wake. Desturi hii ni ya zamani sana: yapata karne ya 5 mbele ya Kristu, Buddha mwenyewe aliishi hivyo katika Uhindi.

Sheria za watawa ni 227. Mtawa asile baada ya saa sita ya mchana, asipokee feza, asile chakula asichopewa na mtu. Basi akikosa watu, atalala njaa. Nao watu wakikosa watawa, hawana mwalimu, wala wa kuwasomea sala siku ya kilio. Watu wa nyumbani wana amri tano: wasiue chenye uhai, wasiibe, wasizini, wasiseme uongo, wasinywe vileo.

Zamani kila kijana alitazamiwa kuwa mtawa kwanza, hata kwa miezi mitatu tu ya mvua, ndipo aoe. Asiyepita huko aliitwa «mtu mbichi».

Hata wana wa wafalme walifuata desturi hiyo. Mwaka 1824 Mongkut, mwenye miaka karibu 20, aliingia utawa. Baada ya siku chache babaye alikufa, na ufalme ukapewa ndugu yake wa mama mwingine. Mongkut akabaki mtawa miaka 27, mpaka 1851 alipofanywa mfalme. Miaka hiyo yote mwana wa mfalme aliishi kwa wali wa raia.

Katika Bangkok alikuwa na jirani, Padri Pallegoix, Mfaransa, aliyefanywa baadaye askofu. Mtawa alijifunza Kilatini kwa padri, na padri alijifunza Kipali kwa mtawa. Kila mmoja alibaki katika dini yake. Mwaka 1854 Pallegoix alipiga chapa kitabu juu ya inchi ile na desturi zake, kama mtu aliyeketi na wenyeji na kuwasikiliza.

Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Sisi tunasadiki kwamba neema ni zawadi ya Mungu, wala hainunuliwi kwa hesabu ya mastahili. Hata hivyo bakuli ile inatuuliza neno. Nasi tunakula unga na maharagi ya wakristu wetu, na wengi wao ni maskini kuliko sisi. Je, tunavipokea kama wenye kudai, ama kama wenye deni?