Unyevu wa Jani, Unyevu wa Hewa

“Punguza unyevu.” Katika kiwanda cha chai, kiwe cha Kericho au cha Bomet, agizo hili haliwezi kutekelezwa mpaka aliyelitoa aulizwe: unyevu upi?

Waingereza wana maneno mawili hapa. “Moisture” ni maji yaliyomo ndani ya kitu, na “humidity” ni mvuke uliomo hewani. Sisi tumezoea kuyafasiri yote mawili kwa neno unyevu. Umande anaolowa nao mchumaji alfajiri haumtatizi mtu, kwani uko juu ya jani, una jina lake, na jua likipanda hukauka. Utata uko kwenye yale maji yasiyoonekana.

Jani bichi la chai lina maji kati ya 75% na 80% ya uzito wake. Asilimia hiyo ni ya mizani: katika kilo 100 za majani, kilo 75 au zaidi ni maji. Ndiyo maana zinahitajika zaidi ya kilo 4 za majani mabichi kupata kilo 1 ya chai kavu.

Sasa tuseme hewa ya Kericho ina “unyevu wa 80%”. Je, sehemu kubwa ya hewa ile ni maji? Hasha. Asilimia ya hewa hulinganisha mvuke uliopo na mvuke wote ambao hewa hiyo ingeweza kubeba katika halijoto ileile. Adhuhuri jua likipasha hewa joto, asilimia hushuka ingawa huenda hakuna hata tone lililoondoka. Jani haliko hivyo: asilimia yake ikishuka, maji yametoka kweli.

Kiwandani asilimia hizi mbili hukutana. Majani hutandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia, feni zikapuliza hewa kutoka chini hadi maji ya jani yafike karibu 70%. Msimu wa mvua hewa tayari imejaa mvuke, haipokei maji ya jani kwa urahisi, basi hupashwa moto kwanza. Lakini baada ya majani kusagwa, kwenye chumba cha kuchachusha, hewa yenye mvuke mwingi ndiyo inayotakiwa, ili majani yasikauke kabla ya wakati wake. Jengo moja, mahitaji mawili yanayopingana, na sisi tunayaita yote unyevu!

Kiswahili hakikosi neno. Unyevuanga upo, umeundwa vizuri, na anayeusikia mara ya kwanza huuelewa. Naona ubaki kwa hewa peke yake, na unyevu uachiwe jani, udongo na nafaka. Wapo watakaopendekeza rutuba, kwa kuwa kwa Waarabu neno hilo lina maana ya unyevu, na watabiri wa hali ya hewa wa Muscat hulitumia hadi leo. Kwetu limekwisha kuhamia ardhini. Mkulima wa Bomet ukimtajia rutuba atafikiria mbolea, na ana haki.

Chai ikitoka kwenye kikaushio ina unyevu wa takriban 3%. Gunia lake likiachwa wazi, chai hiyo hufyonza unyevuanga kidogo kidogo, nao hugeuka kuwa unyevu wa chai. Harufu yake hufifia, na hatimaye huota kuvu.