Piga 2580

Kanda ya bibi haina kasha. Juu yake babu aliandika neno moja tu kwa kalamu ya bluu, "Redio", na alifariki kabla sijazaliwa. Upande wa pili kuna wimbo wa dansi ambao bibi anaukumbuka kwa miguu kuliko kwa jina. Likizo iliyopita aliniambia, "Mjukuu wangu, si unasoma mambo ya redio huko chuoni? Basi nitafutie huyu anayeimba ni nani." Nikasogeza simu kwenye spika. Programu ikasikiliza, ikazunguka weee, ikajibu kwamba haijapata kitu.

Mwanafunzi wa historia akishindwa hukimbilia mwanzo wa mambo. Huu ulikuwa Uingereza, Agosti 2002, Shazam ilipofungua huduma yake kabla ya simu janja. Ukisikia wimbo baa, unabonyeza 2580, yaani safu ya katikati ya vitufe kutoka juu hadi chini, unaielekeza simu kwenye muziki kwa nusu dakika hivi. Simu inajikata yenyewe, kisha jina la wimbo linakuja kwa ujumbe mfupi.

Fumbo la kiufundi alilifumbua Avery Wang, akalieleza kwenye makala ya 2003. Sauti huchorwa kama ramani ya muda na masafa, halafu vinabakizwa vilele tu, sehemu zenye nguvu kuliko jirani zake, kama nyota chache zinazoonekana juu ya mji wenye taa. Vilele hufungwa viwili viwili: masafa ya cha kwanza, masafa ya cha pili, na muda uliopo kati yao. Kila jozi inakuwa namba ya kutafutwa hifadhini. Jozi nyingi zikiangukia rekodi moja kwa mpangilio uleule wa muda, jibu limepatikana. Kelele za walevi hazizuii, maana vilele vya kutosha hupona.

Lakini kinachotambuliwa ni rekodi, si wimbo. Bendi ileile ikiupiga tena jukwaani, alama ni nyingine. Kanda iliyochoka ikizunguka polepole, masafa yote yanashuka na jozi hazifanani tena. Na kabla ya yote, lazima mtu awe ameiweka rekodi hiyo hifadhini. Miaka ya 1970 bendi nyingi zetu zilirekodiwa kwenye tepu katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Leo mashine za aina hii huhesabu nyimbo zinazopigwa redioni ili wenyewe walipwe. Ambaye tepu yake haijaingizwa hahesabiwi, hata akipigwa kila Jumapili. Hilo liliniuma kuliko jibu la simu.

Nilinakili kanda kwenye kompyuta, nikaongeza kasi kidogo kidogo, nikajaribu tena. Wapi!

Bibi akamwita mzee jirani, mpenzi wa dansi wa zamani. Gitaa halijamaliza kuanza, akataja bendi. Mwimbaji ndiye bado wanabishana yeye na bibi.