Mguu Ulionyimwa Kiatu

Katika Unguja ya karne ya 19 hukuhitaji kumuuliza mtu kama ni mtumwa au muungwana. Ulimtazama miguu. Mtumwa alikwenda pekupeku, kaniki mwilini. Viatu vilikuwa vya wenyewe. Mama yake bibi yangu alizaliwa katika hali hiyo. Kwetu jambo hili halikutajwa mbele za watu, na hata leo wapo jamaa zangu watakaochukia kuliona limeandikwa. Naliandika kwa sababu nimekula na kusomesha watoto kwa kazi ya kupaka hina miguu ya maharusi, na sijui namna ya kueleza uzuri wa kazi hiyo bila kuanza na miguu iliyonyimwa.

Bibi, aliyenilea Mwembetanga, katika mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, hakutoka nje bila viatu. Jaani palikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa uani, lakini alirudi ndani kutafuta makubadhi yake kwanza, hata mvua inyeshe, hata awe mgonjwa. Sisi watoto tukikimbia pekupeku alitukemea kwa ukali uliolizidi kosa. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba ukali ule aliurithi kwa mama yake.

Upande wa pili wa maisha yale tunao kwa maandishi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha Berlin kumbukumbu zake. Anasimulia jumba lenye watu wapatao 1,000, na kelele za viatu vya mbao visivyo na idadi. Anasimulia pia asubuhi za wakubwa: kijakazi huingia, humwamsha bibi yake kwa kumkanda taratibu. Salme anausifu ukandaji huo, nami namwamini. Nimeshika miguu mingi, najua uso wa mtu unavyolegea kidole gumba kinapopita chini ya unyayo. Ila nikisoma pale humtafuta yule mkandaji. Nataka kujua yeye kavaa nini miguuni, na usiku alikandwa na nani.

Huko kaskazini, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858. Ndani yake anamwagiza ajipambe kila siku kama bibi arusi: makoa mikononi, mapambo miguuni, na hina isikosekane. Mama huyo alikuwa mgonjwa na alijua hana muda mrefu. Hakuona aibu kuitaja miguu katika wosia uleule unaomtaja Mungu na Mtume wake. Wanaodhani kwamba kuipenda miguu ni uchafu uliotujia juzi kwa filamu wausome utendi huo tena.

Na mguu wa pwani ulipendwa hata kwa masikio. Vazi lilipoufunika mwili, yaliyobaki nje ni macho, viganja na miguu, basi mapambo yakahamia huko. Kulikuwa na mitawanda, viatu vya mti vyenye kijiti kinachobanwa kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Ya wenye nacho ilinakishiwa kwa fedha. Mtawanda haukubali mwendo wa haraka. Aliyeuvaa alikwenda kwa madaha, apende asipende, na kila hatua iligonga sakafu ya chokaa ikasikika chumba cha pili. Kulikuwa na mafurungu, pete kubwa za fedha za kwenye vifundo, na kwenye ngoma kulikuwa na njuga. Mume aliyelala baraza ya ndani alijua mkewe yuko wapi, anakuja au anakwenda, kabla hajamwona. Bibi alinionyesha furungu moja tu lililobaki, limebonyea upande, na sikupata kusikia kwake lilikuwa la nani. Sikumshikilia aniambie. Vito vingi katika nyumba za Ng'ambo vilifika kwa njia ambazo wazee hawakupenda kuzirudia.

Mwaka uleule wa 1886, na kwa Kijerumani kilekile alichoandikia Salme, daktari Richard von Krafft-Ebing alitoa kitabu cha maradhi ya matamanio, *Psychopathia Sexualis*. Mwaka uliofuata Alfred Binet wa Ufaransa aliandika juu ya watu ambao mapenzi yao yameelekea kiungo kimoja au kitu kama kiatu, akaiita hali hiyo fetishi. Matoleo yaliyofuata ya Krafft-Ebing yakawaweka wapenda miguu na viatu katika orodha ya wagonjwa, na humo wakakaa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1994, katika *Pulp Fiction*, Quentin Tarantino aliwapa majambazi wawili ubishi mrefu: je, kumkanda miguu mke wa mtu ni jambo dogo au kubwa? Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, ulitenganisha tamanio lisilo la kawaida na ugonjwa: ugonjwa ni pale linapomtesa mwenyewe au kumdhuru mwingine.

Wasichana wanaomsindikiza bibi arusi hunionyesha mambo haya kwenye simu, wamezibana midomo kwa kicheko. "Bibi, kumbe kweli wapo wanaume wanaopenda miguu?" Mwanangu, nawaambia, na hina hii unadhani inatazamwa na nani? Lakini ubishi wa wale majambazi mimi nauona wa maana sana. Kwetu ulishajibiwa zamani. Somo alimfundisha mwari wake namna ya kukanda miguu, kama alivyomfundisha kufukiza nguo kwa udi na kusugua mwili kwa singo. Mambo hayo yalifundishwa ndani, kwa watu wazima, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba kushika mguu wa mtu si jambo dogo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria. Uhuru haukumfuata mtu nyumbani. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuudai, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Walioachwa huru wengi walijenga maisha Ng'ambo. Kaniki ikaachwa, kanga ikashika, na viatu vikanunuliwa.

Na hina? Hina haikuwa ya kunyimwa mtu, mhina huota uani. Kinachonyimika ni muda. Majani hukaushwa, hutwangwa, huchungwa, yakachanganywa na ndimu na mafuta kidogo ya mkaratusi, yakaachwa yaumuke. Yakishapakwa, mguu hautakiwi kukanyaga chini kwa saa nyingi, na kwa hina ya kukoza vizuri ni usiku kucha. Ikibanduliwa rangi huwa ya chungwa. Wekundu wenyewe huja kesho au kesho kutwa, na hukoza zaidi unyayoni kwa sababu ngozi ya hapo ni nene. Basi nyayo nyekundu zilikuwa ushahidi kwamba usiku ule maji yalitekwa na mtu mwingine na moto ukawashwa na mtu mwingine. Mtumwa angekaaje na miguu juu usiku kucha?

Bibi alipoolewa, mama yake hakumwita mpakaji. Aliishika miguu ya binti yake mapajani, akaipaka mwenyewe hadi juu ya vifundo, kisha akamkataza kushuka kitandani. Kwa siku tatu alimletea maji, chakula, mpaka beseni la kunawia. Jirani walisema anamdekeza. Nikifikiri mwanamke yule alikotoka, sioni kudekeza. Naona mtu anayelipa deni kwa mikono yake mwenyewe.

Siku hizi wengi wanataka piko, kwa kuwa weusi hutokea upesi na picha hupendeza. Mimi unyayo siutii piko. Ni rangi ya nywele, imewababua wengi.

Wapo pia wateja wanaotaka mpakaji apige magoti sakafuni, ati ndivyo inavyopendeza kwenye video. Nakataa, na wasichana ninaowafundisha nimewakataza. Tunakaa kwenye kigoda, mguu wa bibi arusi tunaupakata, bei imeshapatanwa tangu juzi. Nao nimewaambia waje kazini na viatu vizuri, wavivue mlangoni palepale wanapovua wageni wa harusi.